KUMFUNGULIA MTU MOYO: JE, NI UPUNGUFU WA IMANI?

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake wote.



Mara nyingi baada ya sala ya Isha mtu hubaki nyuma msikitini. Anangoja wenzake watoke, kisha anasogea. Huyu hapati usingizi tangu siku aliyokimbia shamba lake la kakao. Yule nyumba yake imekuwa kama moto, yeye na mkewe hawasemeshani ila kwa makelele. Mwisho wote wanauliza swali moja: "Sheikh, kwenye kituo cha afya wameniambia niende kuongea na mwanasaikolojia. Nikienda, si nitakuwa nimepungukiwa na imani?"

Kwa miaka mingi jibu langu lilikuwa moja: ongeza sala, ongeza dhikri, subiri. Neno hilo si la uongo. Lakini leo naona lilikuwa nusu ya jibu, na nusu iliyobaki ni deni langu kwenu.

Ndugu zangu, tunajua tumepitia nini. Tangu Oktoba 2014 watu wa Beni wanauawa mashambani na vijijini. Kuanzia Agosti 2018 mpaka Juni 2020 Ebola iliua watu zaidi ya 2,200 katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, na wengi tuliwazika bila kuwaosha wala kuwagusa. Mei 2021 Sheikh Ali Amini aliuawa kwa risasi Beni, ndani ya msikiti, wakati wa sala. Moyo uliobeba hayo yote ukichoka, ni ajabu gani? Mtu akivunjika mguu hatumuulizi ana imani kiasi gani, tunampeleka hospitali.

Wako wanaoleta hoja ya Nabii Yaaqub (a.s.). Wanasema: yeye alipompoteza Yusuf alimshitakia Mwenyezi Mungu peke yake, basi nasi tusiende kwa mtu. Nawaomba wafungue Surat Yusuf, wasome aya ya 86, lakini wasiishie hapo. Katika aya ya 87 Yaaqub huyo huyo anawaamrisha wanawe waende wakamtafute Yusuf na ndugu yake, wala wasikate tamaa na rehema ya Mungu. Machozi aliyapeleka kwa Mola wake, na watu akawatuma njiani. Nabii hakuona kwamba jambo moja linavunja lingine. Sisi ni nani hata tuone hivyo?

Swali la pili ni zito zaidi: "Nikimtaja mume wangu, au mke wangu, mbele ya mgeni, si nitakuwa nimesengenya?" Kumbukeni Hind binti Utba. Alikuja kwa Mtume (s.a.w.) akamwambia kwamba mumewe Abu Sufyan ni bahili, hampi matumizi ya kumtosha yeye na watoto. Mtume hakumkemea kwa kumtaja mumewe. Alimsikiliza, akamwonyesha njia: achukue katika mali yake kiasi kinachotosha kwa wema. Kwa mfano huo na mingine, Imamu Nawawi alihesabu sababu sita ambazo huruhusu kutaja aibu ya mtu, na miongoni mwake ni kutafuta msaada na kutafuta fatwa.

Basi tufahamu tofauti. Neno lile lile, ukilisema sokoni au kwenye bomba la maji, ni kusengenya. Ukilisema kwa mtu anayeweza kukusaidia na aliyeahidi kulitunza, ni kutafuta dawa. Linalotofautisha ni nia yako, mtu unayemwambia, na kiasi unachosema. Sema kile ambacho dawa inakihitaji, usizidishe. Mambo ya kitandani Mtume ametukataza kuyatangaza. Lakini kama ugonjwa uko hapo hapo, mgonjwa humweleza mganga wake kwa haya na kwa ufupi.

Swali la tatu: "Lakini yeye si Muislamu." Katika miji yetu wengi wa washauri hawa ni Wakristo, na Waislamu tumeonewa kwa dhana kwa sababu ya wauaji wanaojificha nyuma ya jina la dini yetu. Hofu hiyo naielewa. Lakini siku ya Hijra, Makuraishi wakimtafuta Mtume wamuue, nani alimwongoza njia ya Madina? Ni Abdallah bin Urayqit, mtu ambaye hakuwa Muislamu. Walimkabidhi ngamia wao wawili na siri ya pango la Thawr, kwa sababu alijua njia na walimwamini.

Angalieni vizuri: ujuzi na uaminifu, yote mawili. Hawakumchukua yeyote aliyepita. Nasi tusiende kwa kufumba macho, wala tusikimbie kwa kufumba macho. Februari 2019 vituo vya kutibu Ebola vya Katwa na Butembo vilichomwa moto, kwa kuwa kutoaminiana kulikuwa kumejaa pande zote. Mtu akiuliza akajibiwa, hana haja ya kurusha jiwe. Kwa hiyo kabla ya kuanza, uliza haya:

Kwanza, ni nani? Amesomea nini, na anafanya kazi chini ya kituo gani? Anayekuahidi kupona kwa siku moja, anayefunga wagonjwa kwa minyororo, au anayetaka mbuzi kabla hajakusikiliza, huyo mwache.

Pili, siri yangu itakaa wapi? Uliza anaandika nini na nani atasoma. Naye atakwambia mipaka: kama kuna hatari ya mtu kufa, au mtoto anaumizwa, hawezi kunyamaza. Ni vizuri ulijue hilo siku ya kwanza.

Tatu, kazi yake ni nini? Atasikiliza, atauliza, atakufundisha kutuliza mwili na mawazo. Vidonge ni kazi ya daktari. Haiishi kwa siku moja, na siku za mwanzo maumivu yanaweza kuamka, kama kidonda kinachooshwa. Hakuna wa kukulazimisha kusimulia uliyoyaona msituni. Una haki ya kusema: leo hilo sisemi.

Nne, dada zangu, ombeni mshauri mwanamke. Kama hayupo, ombeni kukaa mahali panapoonekana na watu. Si kumdharau mtu, ni kulinda heshima ya wote wawili.

Tano, ni bei gani, na msaada utaendelea mpaka lini? Miradi huja na kuondoka. Usifunguliwe moyo leo, kesho ukakuta mlango umefungwa.

Na kwa mtu anayesikia sauti, au anayesema anataka kufa, asingoje miadi. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, wala msimwache peke yake.

Kuhusu mume na mke, Surat Nisaa aya ya 35 imetuwekea wasuluhishi wawili, mmoja wa jamaa za mume na mmoja wa jamaa za mke. Mlango huo haujafungwa. Lakini mshauri si kadhi, hatatoa hukumu nani ana kosa. Ukienda ili mwenzako ashindwe, umepoteza safari. Nendeni wote wawili mkitaka, asiburutwe mtu.

Hapa nina ungamo. Siku moja nilisuluhisha nyumba moja, wakapeana mikono mbele yangu, nikafurahi. Baadaye nilijua kwamba mke alikuwa anapigwa, na alinyamaza kwa sababu aliyempiga alikuwa ameketi pembeni yake. Mimi ndiye niliyewaketisha hivyo. Palipo na kipigo, usianze na mazungumzo ya wawili. Mwanamke asikilizwe peke yake, awe salama kwanza, mengine yafuate.

Ndugu yangu, ukienda kwa mshauri usiache msikiti, na ukija msikitini usiache miadi yako. Na sisi tunaobaki, tukimwona mwenzetu anaingia mlango ule, tusimwite kichaa. Tumtunzie heshima yake, Mwenyezi Mungu naye atatutunzia zetu.

Ewe Mola wetu, wape usingizi waliokosa usingizi, rudisha mapenzi katika nyumba zetu, warehemu waliouawa, na utupe amani Beni, Butembo na Kongo yote. Amin.

Wabillahi tawfiq.