Kusikilizana

Somo: 1 Wakorintho 12:14–26



Mtume Paulo alipowaandikia Wakorintho habari za karama za Roho, alitwaa mfano wa mwili. Aliwaonyesha ya kuwa jicho halina ruhusa ya kuudharau mkono, na ya kuwa viungo vionekanavyo kuwa dhaifu ndivyo mwili usivyoweza kuvikosa. Mbele kidogo, katika sura ya 14, alitwaa mfano mwingine, wa filimbi na kinubi, vyombo visivyo na uhai, ambavyo visipotoa sauti za kupambanuka hakuna ajuaye ni nini kinachopigwa. Leo twataka kuiunganisha mifano hii miwili, tuutazame mwili wa Kristo kwa njia ya vyombo vya muziki.

Katika miji ya Ulaya iko desturi ya tangu zamani, nayo sasa imeenea katika nchi nyingi, ya watu kukusanyika jioni na kusikiliza muziki uitwao muziki wa chumbani. Jina hilo latokana na mwanzo wake, maana ulipigwa katika vyumba vya nyumba za watu. Wapigaji ni wachache, watatu, au wanne, au watano. Mmoja huketi penye piano, kinanda kikubwa ambacho ndani yake nyundo ndogo hugonga nyuzi zaidi ya 200. Wenzake hushika fidla yenye nyuzi 4, na selo, ambayo ni fidla kubwa ya sauti nene, yenye nyuzi 4 vilevile, nayo hushikwa katikati ya magoti.

Sisi tulio na kwaya za sauti nne na vikundi vya matarumbeta twajua kidogo kazi ya kupatanisha sauti. Lakini katika kwaya waimbaji wa sauti ya nne waweza kuwa kumi. Mmoja akikosa, wenzake humfunika. Tena mbele yao yupo mwalimu, na mkono wake huwaonyesha mahali pa kuanza na mahali pa kunyamaza. Katika muziki wa chumbani si hivyo. Kila sauti ina mtu mmoja tu, wala hakuna asimamaye mbele kuwaongoza. Basi wafanyaje ili waanze pamoja na kumaliza pamoja? Husikilizana. Hutazamana, hupumua pamoja, na masikio ya kila mmoja yako kwa mwenzake kuliko kwake mwenyewe. Hata yule ambaye zamu yake haijafika hapumziki. Huhesabu kimya chake, maana akiingia mapema huharibu kazi ya wote.

Tena liko jambo la kuangaliwa. Mwenye fidla huwekewa mbele yake karatasi ya sauti yake peke yake. Mwenye piano ameandikiwa sauti za wote. Naye aonaye zaidi ndiye mwenye nguvu zaidi, kwa kuwa piano yaweza kuimeza fidla isisikike kabisa. Kwa hiyo ni wajibu wake kuuzuia mkono wake, apate kusikiwa na mwenzake aliye na nyuzi 4 tu. Hapo sisi wachungaji na walimu tufikiri. Tumepewa kuona mambo mengi ya usharika, na neno letu lina uzito. Je, mama mjane akisema neno katika mkutano, neno lake husikika, au limezwa na letu?

Hata sasa tumesema habari za wenye masikio mazima. Lakini asiyeweza kusikia je? Tena akiwa ndiye mkuu kuliko wote?

Katika mji wa Vienna, nchi ya Austria, alikaa mtungaji Ludwig van Beethoven, aliyezaliwa Bonn mwaka 1770. Alipokuwa hajatimiza miaka thelathini masikio yake yalianza kuharibika. Mwaka 1802, akiwa katika kijiji cha Heiligenstadt karibu na Vienna, aliwaandikia ndugu zake waraka, asiupeleke. Ulionekana katika karatasi zake alipokwisha kufa mwaka 1827. Humo alieleza uchungu wake. Mtu aliyesimama karibu naye alisikia filimbi ikilia mbali, naye hakusikia kitu. Aliwakimbia watu, wakamdhania kuwa mkali, kumbe aliona haya kuwaambia wapaze sauti kwa sababu yeye ni kiziwi. Alikaribia kuyakatiza maisha yake, akazuiliwa na kazi aliyoona ya kuwa bado hajaitimiza.

Katika miaka ya 1810 na 1811 alitunga muziki wa piano, fidla na selo, akautoa kwa heshima ya mwanafunzi wake Rudolph, mwana wa Kaisari Leopold wa Pili. Muziki huo hupigwa mpaka leo, nao huchukua yapata dakika 40. Piano huanza peke yake, kwa upole, ndipo wale wawili huingia. Katika sehemu ya tatu piano huanza tena peke yake, kwa sauti ya taratibu iliyo kama wimbo wa kanisani, na nyuzi huipokea.

Tarehe 11 Aprili 1814 muziki huo ulipigwa kwa mara ya kwanza mbele ya watu, katika hoteli moja ya Vienna. Ignaz Schuppanzigh alishika fidla, Josef Linke selo, na penye piano aliketi Beethoven mwenyewe. Hali ya masikio yake zamani zile twaijua kwa Louis Spohr, mpiga fidla na mtungaji, aliyeyasikia mazoezi ya namna hiyo nyumbani kwa Beethoven. Ameeleza kwamba mahali pa nguvu kiziwi yule alizipiga nyuzi mpaka zikapiga kelele, na mahali pa upole aligusa kwa wepesi hata sauti nyingi hazikutoka kabisa. Piano yenyewe ilikuwa imepotoka sauti zake, naye hakujua.

Hapo hatuna budi kusimama. Wenye fidla na selo hukaza nyuzi zao ili zipatane na piano. Ikiwa piano imepotoka, nao hupotoka. Hii ndiyo hatari ya kiongozi asiyesikia. Hajui kwamba amepotoka, wala hajui kwamba wengine wamepotoka kwa kumfuata. Uziwi wa Beethoven ulikuwa ugonjwa, wala hakuna awezaye kumlaumu. Lakini uko uziwi mwingine, wa mzee asiyetaka kuambiwa na vijana, na wa mwalimu aliyeyazoea maneno yake mwenyewe hata hasikii tena lo lote. Huo si ugonjwa wa sikio, ni ugonjwa wa moyo, na dawa yake ni toba.

Sasa watazameni wale wawili, Schuppanzigh na Linke. Waliketi kando ya mtu ambaye aliweza kuwaaibisha mbele ya mji. Hawakuondoka. Yeye hakuweza kuwafuata kwa sikio. Basi iliwapasa wao kumfuata yeye. Ndivyo afundishavyo Mtume, ya kuwa kiungo kimoja kikiumia viungo vyote huumia pamoja nacho. Kumchukua mwenzetu dhaifu si kumwambia kwamba hana udhaifu. Ni kusikiliza kwa masikio yetu na kwa ajili yake pia.

Naye Beethoven alifanya nini? Aliupiga muziki huo tena majuma machache baadaye, kisha hakuketi tena mbele ya watu kupiga muziki wa namna hiyo. Alikiacha kiti, asiiache kazi. Karibu muziki wote wa miaka yake ya mwisho aliutunga kwa ajili ya fidla mbili, viola na selo, bila piano, chombo kilichompa sifa ujanani. Mwaka 1825 aliugua sana, akapona, akatunga muziki ambao sehemu yake moja aliiita wimbo mtakatifu wa shukrani kwa Mungu, wa mtu aliyepona. Nao waliompigia muziki huo mwaka uo huo ni akina nani? Walikuwa wanne, na miongoni mwao ni wale wale wawili, Schuppanzigh na Linke. Shukrani ambayo sikio lake halikuisikia, wenzake waliipeleka masikioni mwa watu.

Ndugu, katika sharika zetu wako walimu wazee ambao macho yao hayaisomi tena Biblia, na sauti zao hazifiki tena mlangoni. Mara nyingi twawatendea vibaya kwa njia mbili. Wengine tunawaacha kitini mpaka kundi linataabika, kwa kuwa twaogopa kusema kweli. Wengine tunawaondoa, na tangu siku ile hakuna abishaye hodi kwao, kana kwamba karama ya Mungu ilikuwa katika sauti yao tu. Njia zote mbili si za upendo. Enyi wazee, si aibu kukiacha kiti. Yaliyomo moyoni mwenu andikeni, fundisheni, wapeni vijana wayapige. Nanyi vijana, msikipokee kiti bila kumpokea mwenye kiti. Nendeni nyumbani kwake, mketi kando yake, mwulize.

Na mtu akisema, Sina masikio ya namna hiyo, na amtazame Bwana Yesu. Marko, katika sura ya 7, atuambia jinsi walivyomletea mtu aliye kiziwi na mwenye kusema kwa shida. Bwana hakumponya katikati ya makutano ili wamkodolee macho. Alimtenga kando, wawili peke yao, akayagusa masikio yake kwa vidole, akatazama juu mbinguni, akaugua, na masikio yakafunguka. Aliijua haya ya kiziwi. Ndivyo atendavyo nasi. Hatuanzi sisi kusikiliza ili tupate kupendwa naye. Yeye alitusikia kwanza, tulipokuwa hatuna hata neno la kusema, ndipo atufungulia masikio tupate kusikia Neno lake na kilio cha jirani yetu.

Basi juma hili kila mmoja wetu na amtafute mtu mmoja ambaye sauti yake haisikiki tena katika usharika, amsikilize mpaka amalize.

Ee Bwana, uliyemgusa kiziwi, tuguse na sisi. Tuliza sauti zetu zilizo kubwa mno, inua sauti zilizofichika, utupatanishe tuwe mwili mmoja, kwa utukufu wa jina lako. Amin.