Kicheko cha Msafiri

Ndugu msomaji, kila atokaye kwao hurejea na vioja vya kusimulia: kule wanakula hiki, kule wanavaa vile, na wasikilizaji hucheka hata machozi yakawatoka. Je, kucheka huko ni kosa? La. Mtume Mtukufu s.a.w. mwenyewe alifanya mzaha na masahaba wake, ila hata katika mzaha hakusema lisilo kweli. Kosa huanza pale mtu anapoona kwamba akishacheka hana haja tena ya kuuliza.

Tutazame Liuli, ufukoni mwa Ziwa Nyasa, mkoani Ruvuma. Wajerumani walipofika hapo waliona mwamba, wakakumbuka sanamu ya Misri yenye kichwa cha mtu na kiwiliwili cha simba, wakapaita Sphinxhafen, yaani bandari ya sanamu hiyo. Mwamba ulikuwa wa Nyasa. Misri walikuja nayo wenyewe. Ndivyo alivyo msafiri: mara nyingi hupima ya ugenini kwa aliyoyazoea.

Bandarini humo, mwezi wa Agosti 1914, meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann ilikuwa imepandishwa nchi kavu. Ikatokea meli ya Waingereza, Gwendolen, ikaipiga mizinga. Inasimuliwa kwamba nahodha Mjerumani, Berndt, aliingia mashuani akaenda kumkemea nahodha Mwingereza, Rhoades, rafiki yake waliyezoea kunywa pamoja, akidhani kwamba amelewa. Kioja kikubwa! Kumbe vita vilikwisha tangazwa Ulaya, na habari hazijamfikia. Akatekwa papo hapo.

Meli iliyo nchi kavu hutukumbusha safina nyingine. Kurani Tukufu (11:39) yatueleza kwamba Nabii Nuhu a.s. alipokuwa akiijenga, wakubwa wa kaumu yake kila walipompitia walimcheka. Wao waliona kioja, na kumbe ndiyo iliyokuwa njia ya kuokoka.

Nawe unayeitafuta dini ya kweli, au uliyesilimu juzi, wakumbuka siku ya kwanza ulipowaona Waislamu wakiweka vipaji vya nyuso chini? Labda ulitabasamu. Lakini uliuliza maana yake, ukafahamu. Vivyo hivyo wengi walicheka waliposikia kwamba Masihi Aliyeahidiwa, Seyidna Ahmad a.s., ametokea Qadian, kilichokuwa kijiji kidogo cha Bara Hindi. Hatukuombi ukubali bila kupima. Twakuomba usicheke kabla ya kupima.

Kurani Tukufu yakataza kaumu kuidharau kaumu nyingine, kwani huenda wanaodharauliwa ndio walio bora (49:12). Na yasema kwamba tofauti za lugha zetu na rangi zetu ni katika Ishara za Mwenyezi Mungu (30:23). Basi usafiripo, tazama, furahi, kisha uliza wenyeji. Na dini uisikiayo kwa mara ya kwanza, ifanyie hivyo hivyo.

Mwenyezi Mungu atujalie macho yenye kuona na ulimi wenye adabu. Amin.