Nyota na Jani la Isale

Kila mwaka, zinapoingia siku za mwisho za Disemba, barabara itokayo Dar es Salaam kwenda Moshi hufurika magari. Ni safari ya zaidi ya kilomita 500, ipitayo Chalinze, Korogwe, Same na Mwanga. Ifikapo Himo, baadhi ya wasafiri hukata kulia kupanda Marangu na Rombo. Wengine huendelea hadi Moshi mjini, kisha wakapanda Old Moshi, Uru, Kibosho au Machame. Watani wa Wachagga husema kwamba watu hao wanakwenda kuhesabiwa. Ni utani, lakini kila utani una punje ya ukweli. Anayehesabiwa ni mtu, ila macho ya wanaohesabu huanza na gari alilokuja nalo.

Jambo hili ndilo lililonitia katika fikra. Je, mali ina haki ya kuonekana? Sisi wa pwani tumelelewa kuiogopa riya. Tumefunzwa kwamba anayetoa na atoe kwa siri, na kwamba amali ifanywayo ili isifiwe huwa imekwisha kulipwa hapahapa duniani. Lakini mafundisho hayohayo yanamkataza mja kuificha neema aliyopewa, kana kwamba anamwonea haya aliyempa. Tajiri ajifanyaye fukara hamdanganyi Mola wake. Huwadanganya jirani zake tu, wasije wakamwomba. Hivyo baina ya riya na ubahili imebaki njia nyembamba, na kila aliyeruzukiwa hana budi kuipita.

Nimechagua kuitazama njia hiyo kwa kufuata historia ya gari moja, Mercedes-Benz. Leo barabara za mlimani zina Land Cruiser nyingi zaidi, zile ambazo watu wameziita mashangingi. Hata hivyo, Mercedes ndiyo iliyotupa neno. Lugha yetu huwapa watu wa kabila kiambishi cha wa-: Wachagga, Wapare, Wadigo. Katika miaka ya mwanzo ya uhuru, wananchi wa Afrika Mashariki waliwatazama wakubwa wao wapya, wakawapa kiambishi hichohicho, wakawaita Wabenzi. Ilikuwa tashtiti kali kuliko hotuba. Maana yake ni kwamba limezuka kabila lisilo na ardhi, lisilo na mizimu wala ngoma, ambalo watu wake wanajuana kwa gari. Marehemu Ngugi wa Thiong'o aliiona hali hiyo mapema, na katika mkusanyiko wake wa hadithi, Secret Lives, wa mwaka 1975, akaandika juu ya mazishi ya maskini yaliyogeuzwa uwanja wa matajiri kushindana, na Mercedes ikiwa ndani yake.

Basi gari lenyewe lilianzaje? Mjerumani Karl Benz alipata hati ya kulinda uvumbuzi wake mwezi wa Januari 1886. Lilikuwa gari la magurudumu matatu, na watu hawakuliamini. Agosti 1888, mkewe, Bertha, aliondoka nalo alfajiri pasi na kumwarifu mumewe, akiwa na wanawe wawili wa kiume, Eugen na Richard. Alitoka Mannheim kwenda Pforzheim, mwendo wa kilomita 100 na kitu. Mafuta yalipowaishia njiani, aliyanunua katika duka la dawa la mji wa Wiesloch. Mrija ulipoziba, aliuzibua kwa pini ya kofia yake. Na walipofika kwenye miinuko, gari lilishindwa, ikabidi watoto washuke na kulisukuma.

Bertha Benz alikuwa akienda wapi? Alikuwa akienda kwao, kumwona mama yake. Safari ya kwanza ya mbali ya gari duniani ilikuwa safari ya mtoto kurudi nyumbani kwa mzazi, na ilipanda vilima. Hapana shaka Bertha alitaka pia ulimwengu ulione gari la mumewe. Nia mbili zilikaa kiti kimoja: kumwamkia mama na kuonekana na watu. Tangu siku ile hazijashuka. Anayepanda Kibosho mwezi wa Disemba akiwa na gari jipya huenda ana nia hizohizo mbili, na huenda yeye mwenyewe hajui ipi imetangulia. Kwa hiyo tusiwe wepesi wa kumhukumu kwamba amekwenda kujionyesha tu. Mkataa kwao ni mtumwa, na huyu hakukataa kwao.

Jina Mercedes lilikuja baadaye, na lilitoka kwingine. Emil Jellinek, mfanyabiashara aliyekuwa akikaa Nice, kusini mwa Ufaransa, aliyapenda magari ya kampuni ya Gottlieb Daimler na kuyaingiza mashindanoni kwa kutumia jina la binti yake. Aprili 1900 alipatana na kampuni hiyo itengeneze injini mpya itakayobeba jina la mtoto huyo, ambaye alikuwa na umri wa miaka 10. Mwaka 1902 jina likasajiliwa, na mwaka uliofuata baba akajiongezea jina la bintiye mwisho wa jina lake mwenyewe. Nyota yenye ncha tatu, ikiashiria nchi kavu, maji na anga, ilisajiliwa mwaka 1909. Kampuni ya Daimler na ya Benz ziliungana mwaka 1926. Mercedes mwenyewe alifariki Vienna mwaka 1929, hajatimiza miaka 40. Jina lake lilikuwa limeshaachana naye zamani.

Kwa Kihispania, neno hilo ni jina la Bibi Maria wa Rehema. Kwa lugha yetu, basi, binti yule angeitwa Rehema. Wapenzi wa tenzi wanajua uzito wa neno hili, kwa kuwa mtunzi wa jadi hashiki kalamu ila kwa jina la Mwenye kurehemu. Ni ajabu kwamba neno ambalo mja hulitumia kuomba ndilo lililobandikwa kwenye chombo ambacho mara nyingi kimetumika kuwakumbusha wengine kuwa wao wako chini. Mercedes 600, iliyotolewa mwaka 1963, ilipendwa na wafalme na marais, wakiwamo waliotawala kwa mkono wa chuma. Na kabla ya hapo, katika Vita vya Pili vya Dunia, viwanda vya Daimler-Benz vilitumia maelfu ya watu waliolazimishwa kufanya kazi. Mwaka 1988 kampuni ilitoa mark milioni 20 kama fidia. Jina zuri halimtakasi mwenye jina.

Mlima wenyewe una kumbukumbu yake ya mwaka ule wa 1900. Tarehe 2 Machi, mwezi mmoja kabla ya mapatano ya Jellinek, utawala wa Wajerumani ulimnyonga Mangi Meli huko Old Moshi, pamoja na viongozi wengine. Inasadikiwa kwamba kichwa chake kilipelekwa Ujerumani, na ukoo wake umekitafuta kwa miaka mingi. Mwaka 2023, uchunguzi wa vinasaba uliofanywa Berlin uliwatambua baadhi ya watu wa Kilimanjaro miongoni mwa mafuvu yaliyohifadhiwa huko, ila Meli hakupatikana. Sisemi kwamba watengeneza magari ndio waliomnyonga Mangi. Nasema tu kwamba taifa lililokuwa likitafuta jina la Rehema kwa ajili ya chombo chake kipya halikuwa na rehema ya kumpa mwana wa Rindi. Anayepita Old Moshi akiwa ndani ya gari la nyota hapotezi kitu kwa kulikumbuka hilo.

Na fedha ya kununulia gari ilitoka wapi? Kwa muda mrefu jibu la mlimani lilikuwa moja: kahawa. Walowezi hawakupenda Mwafrika ailime. Wachagga wakaunda chama chao cha wakulima, KNPA, mwaka 1925, na mwaka 1933 kikafuatiwa na KNCU, chama kikuu cha ushirika. Kahawa iliota chini ya migomba, ndani ya kihamba cha ukoo, ikinyweshwa kwa mifereji iliyochimbwa na mababu na kugawiwa zamu baina ya majirani. Mali hiyo, basi, haikuwa ya mtu mmoja hata ilipoingia mfukoni mwa mtu mmoja. Ndani yake mlikuwa na jasho la aliyechimba mfereji na la jirani aliyesubiri zamu yake ya maji. Mkulima aliyepeleka mtoto shule kwa fedha ya kahawa alimpeleka kwa maji ya watu wote.

Taifa letu lilipolikabili suala hili, liliwekea sheria. Azimio la Arusha la Februari 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni, kupokea mishahara miwili, au kuwa na nyumba ya kupangisha. Azimio la Zanzibar la mwaka 1991 likayalegeza masharti hayo. Wapo wanaolia kwamba siku ile tuliuzika utu, na wapo wanaosema kwamba tuliuzika unafiki. Mimi naona kwamba maazimio yote mawili yaliuliza kiasi cha mali na njia ya kuipata, nayo ni maswali ya lazima, kwani gari la wizi halisafishiki kwa kumpakia bibi kizee. Lakini mali ya halali nayo ina swali lake, ambalo sheria haiwezi kuliuliza: ikishaonekana, inampa nafasi gani anayeitazama?

Hapa nawarudisha wasomaji wangu nyumbani, kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe. Mlango wa nakshi, wenye misumari ya shaba, haukuchongwa ili ufichwe. Ulitazama njia na kumtangaza mwenye nyumba kabla hajatoka. Lau riya ingekuwa ni kule kuonekana tu, basi mji wetu wote ungekuwa ni riya iliyojengwa kwa mawe na chokaa. Lakini tazama kilicho pembeni ya mlango. Pana baraza. Mpita njia asiyeweza kununua hata msumari mmoja wa mlango ule aliweza kuketi pale, akapumzika, akapewa kahawa, akasikia habari. Uzuri wa tajiri ulikuwa na kiti cha maskini. Hicho ndicho kipimo ninachokiona. Mali iliyopatikana kwa halali ina haki ya kuonekana, mradi iwe na baraza.

Gari, kwa umbile lake, halina baraza. Lina vioo vinavyopandishwa, na vingine ni vyeusi. Kwa hiyo mwenye gari ana kazi kubwa kuliko mwenye mlango: baraza lake hana budi kulijenga kwa matendo. Na Wachagga wengi hulijenga. Gari lililopanda kwa mbwembwe tarehe 23 ndilo litakalomshusha mgonjwa KCMC usiku wa tarehe 24. Mbuzi huchinjwa, na nyama ikagawanywa kwa kufuata ukoo na umri, kila mmoja akijua fungu lake. Mbege huzunguka. Ada za watoto wa ndugu hujadiliwa chini ya mgomba. Katika nyumba ya namna hiyo, gari limefika kama alivyofika Bertha kwa mama yake.

Lakini tumfikirie pia kijana ambaye hakufika. Yuko Kariakoo, au Arusha, au Mombasa. Biashara imemwendea kombo mwaka huu na mwaka jana. Ana nauli ya basi, na mama yake angefurahi kumwona ameshuka kwenye basi, lakini yeye anaujua ule mstari wa magari uwanjani kwa baba yake mkubwa. Anapiga simu, anasema kazi zimembana. Mwingine hukodi gari la wiki moja kwa deni la miezi sita, ili asiulizwe. Hawa wawili ndio wanaonifanya nisiyaone mambo haya kuwa ni mzaha. Iwapo kuonekana kwa mali ya mmoja kumemfungia mwingine mlango wa kwao, basi mali hiyo imefanya dhuluma, hata kama kila shilingi yake ilikuwa ya halali, na hata kama mwenyewe hakukusudia. Mtu amezuiwa asihesabiwe mahali pekee duniani ambapo alihesabika bila kitu mkononi, siku aliyozaliwa.

Kuna mmea ambao Wachagga huuita isale, wenye majani marefu ya kijani. Hupandwa kwenye mipaka ya kihamba na penye makaburi ya wazee. Aliyemkosea mwenzake humpelekea jani lake kuomba radhi, na kwa mila ni vigumu mno aliyepelekewa kulikataa. Jani hilo halinunuliwi; maskini analo sawasawa na tajiri, maana linaota uani. Wachagga, basi, walikuwa na alama yao ya rehema kabla nyota ya Stuttgart haijapanda mlima.

Disemba ijayo magari yatapanda tena, na mengi yatapita katikati ya ua wa masale kabla ya kuzimwa. Wahenga walisema nyota njema huonekana alfajiri. Sina ugomvi na nyota iliyo mbele ya gari. Ningependa tu mwenye nalo, akishazima injini na kabla hajafungua mlango, awahesabu yeye kwanza waliofika, amkumbuke ambaye hayupo, na ampigie simu kumwambia: ndugu yangu, njoo hata kwa miguu, kiti chako kipo.