Mgeni na Jembe

Hakuna nyumba katika nchi yetu isiyoijua methali ya mgeni na jembe. Mgeni siku mbili, husema wazee, siku ya tatu mpe jembe. Mara nyingi hutumiwa kumchoma mgeni aliyekawia, ili afahamu kwamba wenyeji wamechoka naye na kwamba sahani yake yahesabiwa. Sisi twaona matumizi hayo yameipunguza maana yake. Jembe halipewi adui, wala halipewi mpita njia. Anayepewa jembe huonyeshwa shamba, na anayeonyeshwa shamba amekwisha kuhesabiwa miongoni mwa watu wa nyumba ile. Yule anayewekwa uani na kuletewa chakula, asiruhusiwe kushika kazi wala kutoka, huyo ndiye ambaye wenyeji hawajamkubali bado, hata kama wanamlisha vizuri.

Swali letu la leo ni hili: mtu aliyekimbia kwao kwa kuogopa kuuawa, akaja kwetu, twadaiwa naye nini? Chakula na turubai, basi? Ama twadaiwa naye pia mahali pa kufanyia kazi, na sikio la kumsikiliza kabla ya kumrudisha alikotoka? Kwa kulijibu hatuna haja ya kwenda mbali. Twaweza kwenda Lundo.

Lundo iko kandokando ya Ziwa Nyasa, katika nchi iliyokuwa ya wilaya ya Mbinga na ambayo tangu mwaka 2012 ni ya wilaya ya Nyasa. Ni nchi ya mihogo, samaki na mitumbwi, na mpaka wa Msumbiji hauko mbali. Mwezi wa Septemba mwaka 1964 FRELIMO walipoanza vita vya kuwaondoa Wareno, watu wa kaskazini ya Msumbiji walianza kukimbia kwa maelfu. Wengi waliuvuka mto Ruvuma wakiwa na watoto mgongoni na kile walichoweza kukibeba kichwani. Serikali ya Tanzania, pamoja na shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi na shirika la huduma kwa wakimbizi la ndugu zetu Walutheri, lililojulikana kwa herufi TCRS, iliwatengea makazi: Rutamba upande wa Lindi, Muhukuru na Lundo upande wa Ruvuma, na mengineyo. (Twawataja Walutheri kwa furaha. Katika kazi ya namna hii hakuna sababu ya kuoneana wivu, ila wivu wa kutaka kufanya vema zaidi.)

Utaratibu wa makazi yale ulikuwa rahisi kueleza. Familia ilipewa kipande cha ardhi, ikapewa vifaa na mbegu, ikalishwa mpaka shamba lake liweze kuilisha. Baada ya hapo chakula cha msaada kilipunguzwa, maana mkimbizi alikuwa amekuwa mkulima. Msumbiji ilipopata uhuru tarehe 25 Juni 1975, wengi walirudi kwao. Walirudi wakiwa watu waliozoea kujitegemea, wenye mikono iliyokomaa kwa kazi, si watu waliokaa miaka kumi wakinyoosha bakuli.

Tukumbuke ni nani aliyeyafanya hayo. Nchi yetu ilikuwa imepata uhuru wake mwaka 1961 tu. Kusini ilikuwa mbali na kila kitu, barabara zake zikikatika kila masika. Wenyeji wa kandokando ya Ruvuma walihatarishwa na vita ya jirani. Hata Dar es Salaam haikusalimika: tarehe 3 Februari 1969 Dr. Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO aliyekuwa mgeni wetu, aliuawa mjini humo kwa bomu lililofichwa katika kifurushi alicholetewa kwa posta. Adui alikuwa na mkono mrefu na alikuwa ameingia mpaka mezani. Hata hivyo Serikali haikusema kwamba kwa sababu ya bomu lile kila Mmsumbiji arudishwe ng'ambo ya mto.

Hatutaki kuipamba habari hii kuliko ilivyokuwa. Sheria ya kuwatawala wakimbizi ya mwaka 1965 ilikuwa kali. Iliipa Serikali uwezo wa kuwaambia wakae wapi, na kuwaadhibu wakitoka bila ruhusa. Tena wageni wale walikuwa wageni wa kupendeza. Walipigana na adui ambaye taifa zima lilimchukia, na aliyewapokea alikuwa akitimiza siasa yake na utu wake kwa pamoja. Ardhi nayo ilikuwa tele. Kumpokea mtu katika hali kama hiyo ni tendo jema, lakini si tendo gumu kabisa. Jaribu huja pale mgeni anapokuwa hana faida kwa siasa yetu, ugomvi uliomkimbiza hatuuelewi, na idadi yake inatutisha.

Jaribu hilo limekwisha kutufikia zaidi ya mara moja. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka kutoka Rwanda kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi. Miti ilikatwa, visima vilikauka, na miongoni mwa waliokimbia walikuwamo wenye damu mikononi. Mwaka 1995 mpaka wetu na Burundi ulifungwa. Mwezi wa Desemba 1996 Wanyarwanda walirudishwa kwao kwa nguvu. Sheria ya wakimbizi ya mwaka 1998 iliwataka wakimbizi wakae katika maeneo waliyopangiwa, wasitoke bila kibali. Warundi waliokimbilia Kigoma kuanzia mwaka 2015 waliikuta hali hiyo: makambi, foleni, mgao wa chakula uliopunguzwa mara kwa mara kwa kukosa fedha za wafadhili, na katika miaka ya 2018 na 2019 masoko ambamo wao na wenyeji waliuziana mboga na nguo yakafungwa. Mtu alipunguziwa chakula, na wakati huohuo akazuiwa kujitafutia.

Hapo ndipo twaona kosa la kimsingi, nalo halitibiwi kwa kuongeza magunia ya unga. Mungu alimpa Adamu bustani ailime kabla hajaanguka dhambini. Basi kazi si adhabu tu, ni sehemu ya umbo la mwanadamu. Baba wa familia anayekatazwa kulima, kushona au kuuza, huku akihesabiwa vikombe vya maharagwe, anaondolewa ubaba wake mbele ya watoto wake. Atawafundisha nini? Na mama aliyezoea kumpa jirani chumvi, naye sasa hana cha kumpa mtu yeyote, amenyimwa hata nafasi ya kutenda mapendo. Kisha sisi twawatazama kwa mbali na kusema kwamba wakimbizi ni wavivu!

Wala si kweli kwamba jembe huleta hasara kwa mwenyeji. Warundi waliokuja mwaka 1972 walipelekwa Ulyankulu, Katumba na Mishamo, wakapewa mashamba kwa mfano uleule wa Lundo. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 walikuwa wakijilisha na kuuza ziada. Zaidi ya 160,000 kati yao na watoto wao wamepewa uraia wa Tanzania, na vyeti vyao vilianza kugawiwa kwa wingi mwaka 2014. Nchi chache sana duniani zimefanya tendo kubwa kama hilo, nasi twalitaja kwa sababu sifa hii ni ya taifa letu, wala hatupendi ipotee.

Lakini yaliyotokea kwenye mto Ruvuma wenyewe ndiyo yanayotuuma zaidi. Mwezi wa Oktoba 2017 vita vingine vilianza katika jimbo la Cabo Delgado, kule Msumbiji. Watu walichinjwa, vijiji vikachomwa, na mwezi wa Machi 2021 mji wa Palma ukashambuliwa. Wajukuu wa watu tuliowagawia mashamba walikimbilia mto uleule. Mwezi wa Julai mwaka huo shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi lilitangaza kwamba tangu Januari watu zaidi ya 9,600 walikuwa wamerudishwa kutoka Tanzania kwa nguvu kupitia Negomano, na kwamba miongoni mwao walikuwamo familia zilizotengana, wazazi wasiojua watoto wao waliko.

Twajua litakalosemwa. Mwezi wa Oktoba 2020 waasi walivuka mto wakashambulia kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara, wakaua Watanzania. Hofu ya wenyeji haikuwa ya kubuni, na Serikali isiyowalinda watu wake haitimizi wajibu wake mbele ya Mungu. Kanisa halijafundisha kamwe kwamba nchi haina haki ya mpaka. Papa Pius XII, katika waraka wake Exsul Familia wa mwaka 1952, aliiweka Familia Takatifu iliyokimbilia Misri kuwa mfano wa kila familia ya wakimbizi. Papa Yohane XXIII katika Pacem in Terris mwaka 1963 alikumbusha kwamba mkimbizi hapotezi haki zake za kiutu kwa kuvuka mpaka. Na Katekisimu yaitambua haki ya watawala kuweka masharti kwa ajili ya manufaa ya wote. Mafundisho haya hayapingani. Sharti ni kitu kimoja, na kumrudisha mtu bila kumwuliza anakimbia nini ni kitu kingine. Mlinzi wa mlango ana haki ya kuuliza jina na habari. Anayekataa hata kuuliza hajalinda, amefunga tu. Kati ya watu 9,600 huenda alikuwamo mwovu. Huyo alistahili kutafutwa, akamatwe na kuhukumiwa. Lakini mama mwenye mtoto mchanga alirudishwa kwa sababu ya mwovu ambaye hakuna aliyemtafuta, na mikataba ambayo nchi yetu imeikubali, ule wa Geneva wa mwaka 1951 na ule wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969, yakataza mtu kurudishwa mahali ambapo maisha yake yamo hatarini.

Sisi watu wa kusini hasa twapaswa kulisema hili bila woga, maana mto ule umewahi kuvukwa kwa upande wa pili. Baada ya vita vya Maji Maji, vya mwaka 1905 hadi 1907, Wajerumani walipochoma vyakula na njaa ikaingia Ungoni, baadhi ya babu zetu waliikimbilia nchi iliyokuwa ya Wareno, wakapokewa na wenyeji wa huko. Wangoni wenyewe walifika Songea baada ya safari ya miaka mingi kutoka Afrika Kusini. Ukiulizia kwa uvumilivu katika kijiji chochote kati ya Mbamba Bay na Tunduru, utapata ukoo unaokumbuka kwamba ulikuja.

Basi, tufanye nini? Wengine watasema kwamba siasa ya mipaka si kazi ya wakristo walei, wala ya gazeti la jimbo. Hatukubali. Wabunge wetu huja kuomba kura katika vijiji vyetu, na mbunge aweza kuulizwa kwa adabu na kwa uthabiti mambo mawili: kwamba hakuna mtu arudishwe ng'ambo kabla hajasikilizwa yeye mwenyewe, na kwamba aliyeruhusiwa kukaa aruhusiwe pia kulima na kuuza. Halmashauri za walei za parokia za mpakani zaweza kuliandika jambo hilo na kulifikisha kwa maaskofu wetu na kwa wakuu wa wilaya. Mapadre na makatekista wasingoje Siku ya Wahamiaji na Wakimbizi, inayokuja mara moja kwa mwaka, ndipo walitaje.

Nyumbani pia pana kazi. Twasikia watoto wakitukanana kwa neno mkimbizi, na wakubwa wakicheka. Mzazi mkatoliki asicheke. Amweleze mtoto kwamba Bwana wetu aliwahi kuwa hivyo kule Misri, naye Yosefu, seremala, hatuna shaka alifanya kazi ya mikono yake katika nchi ya ugeni, kwa sababu kulikuwa na mtu aliyemruhusu.

Tena wazee wa Lundo, Muhukuru na Rutamba walioshuhudia mashamba yakigawanywa wanazidi kupungua. Vijana wa parokia za huko wangefanya vema kuwaendea na daftari, wakaandika ni mashamba gani yaliyogawiwa, ni nani aliyekubali kusogeza mpaka wa shamba lake, na majirani wale walilima nini. Atakayepata habari hizo na atuletee, tutazipiga chapa.