Nani Aliosha Chupa?

Kikao cha tatu cha kamati ya harusi ya mdogo wangu kilikaribia kuvunjika kwa sababu ya chupa. Mpambaji alikuwa ametuandikia milioni mbili na nusu kwa ukumbi wa meza 25. Mdogo wangu akasema hamtaki. Angepamba meza mwenyewe, kwa chupa tupu za mvinyo, uzi wa katani, vipande vya kitenge na mishumaa. Chupa tatu kila meza.

Shangazi aliweka kikombe chake chini. "Watu wachange laki laki, halafu tuwawekee chupa za baa?"

Nilicheka, lakini baadaye niliona kuwa shangazi alikuwa na hoja. Kwetu mchango wa harusi si sadaka. Unapewa kadi, unatoa, jina lako na kiasi chako vinaandikwa kwenye daftari la mweka hazina, na siku mwanao akioa daftari hilo linafunguliwa. Marcel Mauss, msomi wa Kifaransa, aliandika mwaka 1925 kwamba zawadi hubeba wajibu wa aina tatu: kutoa, kupokea na kurudisha. Shangazi hajamsoma Mauss, ila angeweza kumfundisha. Aliyechanga anadai, na sehemu ya deni lake hulipwa siku ile ile, kwa kukalishwa kwenye meza inayoonyesha kwamba ameheshimiwa. Ukimwekea chupa ya baa, anaweza kuona umemdhulumu.

Mdogo wangu naye alikuwa na jibu. "Sasa shangazi, kama ni deni, kwa nini tulitumie kununua maua yatakayonyauka kesho yake? Hiyo hela si bora tukalipie kodi ya nyumba?" Kamati ikanyamaza. Mweka hazina akapiga hesabu kwenye simu. Chupa zikashinda.

Kuzipata haikuwa shida sana. Chupa za bia na soda zina mwenyewe, zinarudi kwenye kreti. Za mvinyo na pombe kali ndizo hurundikana nyuma ya baa, na tulizichukua kwa bei ya kutupa. Zililetwa nyumbani ndani ya viroba, zinanuka uchachu, nyingine zina vipisi vya sigara ndani. Ili lebo itoke inabidi uiloweke chupa kwenye maji ya moto na sabuni usiku kucha, kisha uikwangue. Gundi inayobaki haisikii maji. Unapaka mafuta ya kula yaliyochanganywa na magadi, unasugua, unaosha tena. Chupa moja si kazi. Chupa 75 ni kazi.

Kazi hiyo aliifanya dada wa kazi. Hakuna aliyekaa akapanga iwe hivyo. Mdogo wangu alikuwa anatoka ofisini jioni, halafu foleni, anafika nyumbani amechoka. Chupa zilikuwa uani, na uani tunakuona ni kwa dada. Akimaliza vyombo vya usiku, anavuta beseni. Siku nne hivyo. Siku ya tatu chupa moja ilipasuka ikamkata kidole gumba. Akafunga kitambaa, akaendelea. Mdogo wangu alizungushia uzi, akabandika kitenge, akapaka rangi ya dhahabu shingoni. Alifanya vizuri, simnyimi sifa zake. Mimi nilipiga picha. Kwenye picha zote, mikono ni ya mdogo wangu.

Ukumbi ulipendeza. Shangazi mwenyewe aliigeuzageuza chupa ya mezani kwake, akauliza zinauzwa wapi. Kisha MC akatangaza kwamba mapambo yote yametengenezwa na bibi harusi kwa mikono yake mwenyewe. Makofi, vigelegele. Dada wa kazi alikuwa amesimama karibu na mlango, amembeba mtoto wa kaka yetu. Naye alipiga kigelegele.

Tangu siku hiyo najiuliza kama tulisema uongo.

Nimewauliza watu. Jibu la kwanza ni: kwani si analipwa mshahara? Analipwa, wa kupika, kufua na kulea. Chupa hazikuwamo kwenye mapatano, na saa nne usiku haikuwamo pia. Jibu la pili ni tamu zaidi: yule ni mtu wa nyumbani, alisaidia kama sisi wote. Sawa. Ila sisi wengine tumeandikwa. Aliyetoa elfu hamsini yumo, aliyeazima gari lake yumo, aliyeleta gunia la mchele yumo. Kama zile siku nne zilikuwa mchango, basi tunadaiwa, na hakuna ukurasa unaolitaja deni hilo. Kama zilikuwa kazi, basi hatujailipa. Ukituuliza malipo tunasema ni ndugu. Ukituuliza shukrani tunasema ana mshahara. Kwa namna hiyo hatudaiwi kokote.

Kamati nzima tulibishana kama mapambo yawe ya ghali au ya rahisi, na hapo ndipo tulipokosea. Gharama haikuondoka. Ilihama tu, ikaenda kwenye mikono ya mtu ambaye hakualikwa kwenye kikao. Mpambaji, pamoja na bei yake, angalau ana ubavu wa kutudai.

Sisemi watu waache kupamba kwa chupa. Mdogo wangu alikuwa sahihi kuhusu maua, na ile kodi imelipwa kweli, miezi sita. Lakini tunaposifu kitu kwamba kimetengenezwa nyumbani, ni haki tuulize nyumbani kwa nani, na kwa mikono ya nani.

Mwezi uliopita nilimpa elfu hamsini. "Ya nini hii, kaka?" Nikamwambia ni ya zile chupa. Akacheka, akidhani natania. Kisha akauliza kama anaweza kuchukua zilizobaki stoo akienda kwao Singida. Mama yake anauza mafuta ya alizeti, na chupa nzima yenye mdomo mzuri ni shida kuipata. Kwao chupa haijawahi kuwa taka.

Daftari la michango liko kwangu sasa. Juzi nilifungua ukurasa wa mwisho nikaandika jina lake, chini ya yule wa mchele. Safu inayofuata ni ya kiasi. Niliandika elfu hamsini, nikaikata, na bado sijui niandike nini.