Utulivu na Salama Si Kitu Kimoja

Mzazi mmoja alitujia katika darasa letu akataka tumwombee mwanawe dua: apate kazi ya serikali isiyokatika, asitaabike. Kijana amekwisha ngoja barua ya ajira miaka mitatu, na muda wote huo baba amemkataza kuuza samaki sokoni asije akaaibika. Dua tuliiomba, kwani ni njema. Lakini baada ya baba kuondoka tuliulizana: je, utulivu na salama ni kitu kimoja? Sisi twaona ya kuwa sivyo, na ushahidi wetu tumeutoa mbali na bahari, katika nchi ya Kakamega.

Nchi hiyo si ngeni kwa watu wa pwani. Misafara ya wazee wetu ilifika Mumias, kwa Nabongo Mumia wa Wanga, tangu karne ya 19, na dini ikatia mizizi huko zamani kabla Nabongo hajafariki mwaka 1949. Basi habari za Mumias kwetu ni habari za jamaa.

Mwaka 1971 iliundwa huko kampuni ya sukari, na mwaka 1973 kiwanda kikaanza kusaga miwa. Wakulima kwa maelfu waliingia mkataba. Kampuni iliwalimia, ikaleta mbegu na mbolea, ikachukua miwa, kisha gharama zikakatwa katika malipo. Muwa wa kwanza hukaa shambani kiasi cha mwaka na nusu au zaidi, na mkulima hana kubwa la kufanya ila kungoja. Wako waliopanda miwa mpaka mlangoni, mahindi wakayanunua dukani. Hatusemi walikuwa wajinga. Miaka mingi watu walijenga na kusomesha kwa fedha hizo. Lakini raha ile yote ilisimama juu ya nguzo moja. Kampuni ikalemewa na madeni, malipo yakachelewa, na mwezi wa Septemba 2019 ikatiwa mikononi mwa msimamizi aliyewekwa na benki iliyoidai. Mwenye miwa mitupu alijikuta hana fedha, hana chakula, na ujuzi wa kulima vinginevyo umempotea.

Sasa mtazameni mkulima wa namna nyingine, aliyechanganya mahindi na maharagwe, mihogo, viazi vitamu, migomba na kuku wachache. Huyo hakuona hata mwaka mmoja wa raha. Mara viwavi wamekula mahindi, mara mvua ya mawe, mara kuku wamekufa kwa maradhi. Lakini kila hasara ilikuwa ndogo, wala haikuja siku moja na nyingine, na kila moja ilimwachia elimu: mbegu ipi huvumilia, jirani yupi hukopesha, shina lipi la mhogo liachwe ardhini mpaka siku ya njaa. Taabu ndogo ndogo ndizo zilizomfunza, na laiti angaliepushwa nazo zote asingalijua lolote.

Hata msitu wa Kakamega hauishi kwa utulivu. Mti mkuu huanguka, mwanga hushuka chini, na miche iliyokaa kivulini miaka mingi hupata nafasi ya kupanda juu. Lakini mti mmoja kuanguka ni jambo moja, na shoka na msumeno kupita msitu mzima ni jingine. Hapo haubakii mche wala mbegu.

Twataja hayo kwa sababu tumewasikia baadhi ya wenzetu, na sisi wenyewe tumepata kuteleza hivyo, wakimwambia mtu aliyedhulumiwa ya kuwa mtihani wake unamjenga. Mkulima aliyepeleka miwa asilipwe, je, tumwambie ashukuru kwa kuwa amepata nguvu? Deni ni deni, na wajibu wake ni kulipwa. Tena walioamua mambo ya kampuni hawakuwa ndio waliongoja malipo miezi na miaka. Taabu humjenga mtu pale tu inapomwachia ardhi ya kusimama na hiari ya kugeuza njia. Inayomnyang'anya vyote viwili haimjengi, na anayeisifu kwa mdomo wake huku ameshiba ana hesabu ya kutoa.

Basi swali la haki kwa mwenye mamlaka juu ya mwengine, awe baba, tajiri au serikali, ni hili: je, umemwachia taabu azizozimudu, au umemwondolea zote ili siku moja akutane na ile asiyoimudu?

Yule mzazi alirudi Ijumaa iliyofuata. Tulimweleza habari ya miwa, akasikiliza vizuri. Kisha tukamwuliza aibu ya kuuza samaki ni ipi hasa, na baba yake mwenyewe alikuwa mvuvi. Mpaka twaandika haya hajatujibu.