Tukipokea Chumvi, Tumeuza Kura?



Kila mara uchaguzi unapokaribia, waamini wanatuuliza swali moja: mtu akipokea chumvi, kitenge ao feza kutoka chama kimoja, kisha akakipigia kura chama kingine, je, amesema uongo mbele ya Mungu?

Tusijibu haraka. Tutazame kwanza mambo yaliyotokea kwa jirani zetu wa Zambia, ng'ambo ya Kasumbalesa, kwa maana huko swali hili lilisaidia chama kidogo kushika serikali.

Mwaka 2001 Michael Sata alitoka katika MMD, chama kilichotawala tangu 1991, ambamo alikuwa katibu mkuu. Rais Frederick Chiluba alikuwa amemchagua Levy Mwanawasa awe mgombea, si yeye. Ndipo Sata akaanzisha Patriotic Front, yaani PF. Katika uchaguzi wa mwaka ule hakupata hata kura nne katika mia, na chama chake kilipata kiti kimoja tu katika bunge. Nani angekihesabu?

Lakini Sata alifuata watu wenye taabu: wauzaji wa sokoni, watu wa vituo vya basi katika Lusaka, na miji ya Copperbelt, ambako kuuzwa kwa migodi ya serikali kulikuwa kumewapotezea wengi kazi. Aliwashutumu wawekezaji wa Kichina, na mlipuko wa Chambishi wa mwaka 2005, ulioua wafanyakazi karibu 50, uliwafanya wengi wamsikilize. Aliahidi kodi ndogo, kazi nyingi, na feza katika mifuko ya watu. Mwaka 2006 alipata kura 29 katika mia. Mwaka 2008 alishindwa na Rupiah Banda kwa kura 35,000 hivi.

Uchaguzi wa 2011 ulipofika, PF ilitoa neno: "Donchi kubeba". Wanaojua Kiswahili peke yake wasidanganyike. Hapa kubeba si kuchukua mzigo. Kwa Kibemba ni kuwaambia. Basi maana yake ni: usiwaambie. Pokea wanavyogawa, vaa nguo zao, funga mdomo, kisha ndani ya chumba cha kura fanya moyo wako unavyotaka. Tarehe 20 Septemba 2011 watu walikwenda kupiga kura. Sata akapata 42 katika mia, Banda 35. Chama cha kiti kimoja kikaingia ikulu baada ya miaka kumi.

Je, wale walionyamaza walitenda dhambi? Sisi tunaona hivi. Zawadi haidai kitu. Ikidai, si zawadi tena, ni bei. Na kura haina bei. Kwa hiyo aliyepokea hana deni la kura. Tena sheria imeweka siri ya kura ili mdogo asimwogope mkubwa. Tukumbuke wakunga wa Misri: walimficha Farao ukweli ili watoto wapone, na Mungu akawatendea mema.

Lakini tusijifiche nyuma ya wakunga wale. Wao hawakunyoosha mkono kupokea kitenge cha Farao! Anayenyamaza kwa kuogopa kufukuzwa kazi si sawa na anayenyamaza ili ale mara mbili. Huyu wa pili anamfundisha mgawaji kurudi tena na mfuko mkubwa zaidi. Na mfuko ule utajazwa na feza gani, kama si za dawa na za shule ya watoto wetu?

Kuna jambo zito kuliko hilo. Mdomo ukizoea kufungwa, haufunguki tena kwa urahisi. Sata alikuwa ameahidi katiba mpya ndani ya siku 90. Siku 90 zilipita. Alikufa tarehe 28 Oktoba 2014 bila kuiona; Edgar Lungu, aliyemfuata, aliitia sahihi Januari 2016. Wachina aliowashutumu, aliwakaribisha mezani ikulu mwezi wa kumi 2011. Haki isemwe pia: mishahara ya wadogo iliongezwa, na barabara zilijengwa. Lakini madeni ya inchi yalikua, hata Novemba 2020 Zambia ilishindwa kulipa. Ndiyo njia ya Absalomu, aliyesimama mlangoni asubuhi na kumwambia kila mwenye shauri kwamba shauri lake ni jema. Kuteka mioyo mlangoni ni rahisi. Kutawala ni kazi nyingine.

Kisha ukaja mwaka 2021. Rangi ya PF ni kijani, na ya UPND, chama cha Hakainde Hichilema, ni nyekundu. Watu wakazungumza habari za tikiti maji: nje kijani, ndani nyekundu. Walivaa nguo za PF, wakampigia Hichilema, naye akapata 59 katika mia. Mlango ambao PF iliingilia ndio iliotolewa nao. Mtawala anayeona rangi yake katika kila soko, atajuaje kwamba watu wana njaa?

Ndugu zetu, jibu letu ni hili. Kabla ya kura, ukinyamaza ni haki yako. Hakuna mwenye ruhusa ya kukuuliza. Lakini usinyooshe mkono. Na kura zikiisha kuhesabiwa, usinyamaze tena. Mwendee mbunge uliyemchagua, mtaje ahadi kwa jina lake na siku aliyoisema, hata kama ulimpenda, hata kama ni mtu wa kabila lako. Anayesubiri miaka mitano ili aseme mara moja kwa siri, atabadilisha watawala, lakini shida zake zitabaki pale pale.

Bwana atupe mikono mitupu na midomo yenye ujasiri. Amina.

Shemasi wenu